Mkono Mtupu Wenye Shilingi

Aliyeficha sarafu katika kiganja hufichuliwa na gumba lake. Sarafu yenyewe haionekani, kwa kuwa imelala bondeni mwa kiganja na mgongo wa mkono umeisitiri. Hailii, maana iko peke yake. Wala haianguki, ikiwa mwenyewe amejizoeza walau kwa majuma mawili. Lakini gumba, ambalo katika mkono uliopumzika huning'inia karibu na kidole cha shahada bila ya kuwa na shughuli yoyote, hukakamaa na kujitenga na wenzake likasimama kama mlinzi mlangoni, na mtazamaji asiyejua lolote katika sanaa hii hujua, pasipo kuweza kueleza amejuaje, kwamba mkono ule una siri. Nimeanza na gumba kwa kusudi, kwa sababu watu wengi hudhani kuwa mushkili wa kiinimacho cha sarafu uko katika kuishika, na wakishaishika hudhani wamefika, ilhali hapo ndipo chombo kinapong'oa nanga.

Lugha yetu imeupa mchezo huu majina mawili, kiinimacho na mazingaombwe, nami nayapenda yote mawili: la kwanza laipeleka hadaa yote machoni mwa mtazamaji, na la pili, ukilisikiliza vyema, lina ombwe ndani yake, yaani utupu, na kweli utupu ndio bidhaa anayoiuza mwenye mchezo. Waarabu huuita shaawadha, na ustadi unaotakiwa kwa wachezaji wake huuita wepesi wa mkono. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliiweka shaawadha kando ya sihiri na talasimu, akaeleza kwamba kazi yake hufanyika katika dhana za watazamaji, ambao huona vitu visivyokuwapo nje ya dhana zao. Na kabla yake, katika karne ya 13, al-Jawbari wa Damasko alikuwa amekwisha kutunga kitabu kizima cha kufichua hila za walaghai wa zama zake: maabidi wa uongo, waganga wa njiani, na watu waliodai kuwa wanaweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu. Wanazuoni hawa hawakuona kuwa jambo hili ni dogo mno kwa kalamu zao, nami nimepata moyo kwao.

Basi tuje kwenye mkono wenyewe. Chukua shilingi uilaze juu ya ncha za kidole cha kati na kidole cha pete, gumba likiishikilia kwa juu. Ondoa gumba, kisha kunja vidole hivyo viwili kwa ndani, taratibu, mpaka sarafu iguse katikati ya kiganja. Isukume kidogo, halafu lete shina la gumba kuelekea upande wa kidole cha mwisho kwa kadiri ya unene wa uzi. Kiganja cha binadamu kina minofu miwili inayotazamana, mmoja chini ya gumba na mwingine chini ya vidole viwili vya mwisho, na baina yake pana bonde. Kingo mbili za sarafu zikiegemea minofu hiyo, bonde hugeuka kuwa kinywa kinachobana. Nyoosha vidole sasa, ugeuze kiganja kitazame chini. Ikiwa sarafu imebaki, umekwisha kuijua siri ya kwanza, nayo ni kwamba nguvu inayotakiwa ni haba sana, haba kuliko ile ya kushika kalamu. Mwanafunzi hukosea kwa kutia nguvu kana kwamba anakamua ndimu, mkono ukajipinda kama kucha za kozi, mishipa ikachomoza, na lile gumba nililolitaja likasimama na kushuhudia dhidi yake.

Mkono mkavu sana huipoteza sarafu, na mkono wenye jasho jingi huipoteza vilevile. Ule wenye unyevu kidogo ndio uishikao vizuri. Kila mkono una pahali pake. Kwa mtu mmoja bonde liko karibu na kifundo, kwa mwingine liko juu zaidi, na hakuna kitabu kiwezacho kukuonyesha mahali hapo. Ni lazima sarafu yenyewe ipatafute, ikianguka mara mia na kuokotwa mara mia. Nawashauri waanzao wasimame mbele ya kitanda, kwani sarafu iangukayo juu ya godoro haisumbui majirani wala haimkatishi tamaa mwenyewe kwa kelele zake.

Mimi nilijifunza kwa kuibeba shilingi moja mchana kutwa, na hapo ilinibidi niamue jambo ambalo vitabu vya Wazungu havikulieleza. Vitabu hivyo humwambia mwanafunzi aiweke sarafu katika mkono wa kulia, aendelee na kazi zake za kila siku. Lakini kwetu pwani mkono wa kulia una wajibu wa adabu usioweza kuahirishwa: ndio unaosalimia, ndio unaopokea, ndio unaokula, na mtu atakayempa mzee mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeficha shilingi atakuwa amefanya utovu wa heshima usiofutika kwa mchezo wowote. Kwa hiyo niliiweka kushoto. Nilifunga kikoi nayo imo. Nilifungua na kufunga milango. Nilishika kisahani cha kikombe cha kahawa barazani, nikageuza kurasa za gazeti, nikajipangusa uso kwa leso. Juma la kwanza iliniponyoka kila saa. Juma la tatu nilikuwa nikiisahau, na siku moja nilifika msalani kutaka kunawa nikashangaa kuiona ikidondoka ndani ya kata ya maji, kwa kuwa nilikuwa nimeamini kweli kwamba mkono wangu ni mtupu. Huko kusahau ndiko nilikokuwa nikikutafuta, ingawa wakati ule sikujua.

Aliyenijulisha ni mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba. Nilimwonyesha shilingi katika mkono wa kulia, nikajifanya naihamishia kushoto, nikafumba ngumi ya kushoto na kuipuliza, nikaifumbua: hamna kitu. Hakuitazama ngumi. Alikuwa akiutazama mkono wa kulia, uliokuwa umeshuka kando ya mwili wangu ukiwa na sarafu yake.

"Mjomba, mkono huo una nini?"

"Hauna kitu."

"Mbona umelala, na mwenzake yu macho?"

Naapa hakuiona sarafu, kwa maana palikuwa hapana upenyo ambao jicho lingeweza kupita. Alichokiona ni tofauti baina ya mikono miwili ya mtu mmoja: mmoja ulikuwa ukinena pamoja nami, ukipanda na kushuka na maneno yangu, na wa pili ulikuwa umejinyamazia. Nilimshukuru mtoto yule kwa dhati, na tangu siku ile nikayageuza mafunzo yangu juu chini. Niliacha kuutazama mkono wenye sarafu, nikaanza kuutazama mkono mtupu.

Wala si kazi ndogo, kwa kuwa hakuna mtu ajuaye mkono wake ukoje wakati haufanyi kitu. Keti sokoni, au bandarini mahali abiria wanapongojea boti, utazame mikono ya watu wasiojua kwamba wanatazamwa. Utaona kwamba mkono uliopumzika haunyooki kamwe kama ubao. Vidole vyake hujikunja vyote kidogo kidogo, cha mwisho kikizidi cha pete, cha pete kikizidi cha kati, na baina ya gumba na kidole cha shahada huwa na nafasi ndogo. Utaona pia kwamba mkono huo hautulii sana: hukwaruza shavu, hushika shanga za tasbihi, huinua upindo wa kanzu, hufukuza nzi. Mwanafunzi anayetaka kuwahakikishia watu kuwa hana kitu huufungua mkono wake ukawa wazi kama sinia, na kwa kitendo hicho huwaambia watu kwamba ana kitu, maana mkono mtupu haujitangazi. Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1992, ambaye wachezaji wengi wa karne iliyopita walimwita mwalimu wao, alikuwa na wasia mmoja aliowarudia wanafunzi wake siku zote, kwamba wawe wa kawaida. Mtu anaweza kudhani wasia huu ni mwepesi. Ajaribu kutembea hatua kumi akikumbuka kuwa anatembea kama kawaida.

Ziko njia nyingine za kubana sarafu, na nitazipitia kwa haraka. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuilaza mashinani mwa kidole cha kati na cha pete, vidole vikiwa vimejikunja kama vilivyo katika mapumziko; kwa insafu ningesema kwamba anayeanza aanze na hii, kwa sababu mkono hauna haja ya kujifunza umbo jipya. Iko ya kuibana ukingoni katika panda ya gumba. Na iko ile ya kuipeleka nyuma ya vidole, ikashikwa kwa kingo zake baina ya kidole cha shahada na kidole cha mwisho, ili kiganja kiweze kuonyeshwa kitupu. Hii inapendeza macho sana, lakini kwa rai yangu wengi huikimbilia mapema, wakawa mafundi wa vidole kabla ya kuwa mafundi wa utulivu.

Fundi aliyeipa njia hii ya nyuma ya vidole umaarufu ni T. Nelson Downs, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Iowa. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa karani wa simu za maandishi katika stesheni ya reli, na katika saa ndefu za kungojea treni na khabari alikuwa na vitu viwili, faragha na sarafu, akavitumia mpaka vidole vyake vikawa havina mfano. Mwaka 1899 alipanda katika jukwaa la Palace Theatre mjini London, wakamwita Mfalme wa Sarafu, na mchezo uliomfikisha huko ni ule unaoitwa Ndoto ya Bakhili. Hakuubuni yeye, kwa kuwa ulichezwa na wengine kabla yake, lakini aliufanya kuwa wake.

Ndoto ya Bakhili inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndani yake mna sanaa nzima. Mtu anasimama peke yake na kofia iliyopinduliwa katika mkono wa kushoto. Anaangaza angani kama mtu aliyeona kipepeo, ananyoosha mkono wa kulia, na nchani mwa vidole vyake inatokea sarafu ya fedha iking'aa. Anaitupa kofiani, inalia. Anaona nyingine kwenye kiwiko chake, nyingine nyuma ya goti, nyingine ndevuni mwa bwana aliyeketi safu ya mbele, na kila moja inatupwa, na kila moja inalia, mpaka kofia ikawa nzito na watu wakasahau kwamba wamekuja kustarehe, wakawa wanatazama hewa yenyewe kwa uchu. Mwisho kofia inapinduliwa, na sarafu zinamiminika kama mvua.

Hakika yake ni hii. Mkono wa kulia una sarafu moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo huchomoza kutoka kiganjani, huonekana, hujifanya inatupwa, na hurudi kiganjani pale pale mlangoni mwa kofia. Sarafu nyingine zote zilikuwa zimebanwa katika mkono wa kushoto, chini ya vidole vilivyomo ndani ya kofia, na kila mara mkono wa kulia unapojifanya kutupa, mkono wa kushoto huachia moja. Jicho limeona sarafu ikienda, sikio limesikia ikifika, na akili, ambayo hupenda mambo yawe na utaratibu, huunga ushahidi wa mashahidi wawili waliokuwa mahali mbalimbali ikapata kisa kimoja. Sijui mfano ulio bora zaidi wa namna binadamu anavyojishuhudishia mambo. Pia huonyesha kwa nini mchezaji mzuri hana haraka: kama mlio utatangulia mkono kwa nukta moja, au utachelewa kwa nukta moja, mashahidi watagongana na kesi itavunjika.

Watu husema kwamba mkono una kasi kuliko jicho. Msemo huu si kweli, na ni wajibu kuukanusha, kwa sababu umewapoteza wanafunzi wengi wakawa wanakimbizana na jicho ambalo hawawezi kulishinda. Mkono wa fundi hodari huenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayehamisha shilingi kutoka mkono huu kwenda huu ili apate nafasi ya kuchukua kitu kingine. Kinachomficha si kasi, ni mahali anapotazama yeye mwenyewe. Akijifanya ameiweka sarafu kushoto, naye akatazama kushoto kwa yakini, na mwili wake ukageukia huko, watu watamfuata. Akichungulia kulia hata kwa kufumba na kufumbua, amekwisha.

Wataalamu wa elimu ya nafsi waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1894 Alfred Binet, Mfaransa ambaye baadaye alijulikana kwa mitihani ya akili, aliandika juu ya wachezaji wa kiinimacho baada ya kuwaalika wachezaji wenyewe na kuipiga picha mikono yao hatua kwa hatua. Mwaka 1900 Norman Triplett wa Marekani aliwaonyesha watoto wa shule mpira uliorushwa juu mara mbili, na mara ya tatu akaurusha kwa kujifanya tu, nao ukiwa umebaki mkononi. Watoto wengi walisema waliuona ukipanda na kutoweka hewani. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land, huko Uingereza, waliurudia mchezo huo kwa vyombo vinavyofuatisha mwendo wa macho. Mchezaji alipotazama juu, kana kwamba anaufuata mpira, kiasi cha watazamaji wawili katika kila watatu waliuona mpira usiokuwapo. Alipoukazia macho mkono wake, ni kama theluthi moja tu waliouona. Na la ajabu zaidi ni kwamba macho ya waliouona hayakuwa yamepanda hadi mahali walipodai kuuona. Walikuwa wameutazama uso wa mchezaji, wakauliza uso huo mpira uko wapi, na uso ukawajibu. Mtoto wa dada yangu hakuuliza uso wangu, na ndiyo sababu hakupotea.

Katika vitabu vya Kiingereza nijuavyo, kilichotangulia kueleza kwa mapana jinsi ya kuficha fedha kiganjani kilitoka mwaka 1584, nacho hakikuandikwa kwa ajili ya mchezo. Mwandishi wake, Reginald Scot, alikuwa bwana wa mashamba katika wilaya ya Kent, na aliona kwa macho yake wanawake wazee na maskini wakishitakiwa kwa uchawi na kuhukumiwa. Alikasirika. Akaandika kitabu kikubwa cha kuthibitisha kwamba mengi ya yale yanayoitwa uchawi ni ghururi, hofu na uongo, na ndani yake akatia sehemu ya hila za wachezaji wa viwanjani, ili hakimu na raia waone kwa macho yao jinsi mtu asiye na jini wala shetani anavyoweza kuipoteza fedha na kuirudisha. Alishauri kwamba mahali bora pa kuificha ni kiganja, na kwamba sarafu iwe ya wastani, si ndogo mno wala kubwa mno, ingawa kwa mazoezi zote huwa sawa, isipokuwa zilizo ndogo sana. Miaka zaidi ya 400 imepita, na mwalimu wa leo hawezi kulisahihisha hata neno moja. Ninapofikiri kwamba maelezo yale ya vidole na shilingi yaliandikwa na mtu aliyekuwa akitetea roho za watu, naipenda kazi hii kwa mapenzi ya namna nyingine.

Ustadi huohuo umepata kutumiwa kinyume chake. Robert-Houdin, fundi wa saa aliyezaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa kiinimacho cha kisasa. Yeye aliuvua mchezo majoho ya kichawi akauvika nguo za kawaida za jioni, na katika kumbukumbu zake alieleza jinsi alivyokuwa akitembea barabarani mikono i mifukoni, ikifanya mazoezi bila kupoteza wakati. Kwa bidii hiyo anastahili heshima. Lakini mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, ili awatishe wenyeji kwa kuwaonyesha kwamba Wafaransa wana nguvu za ajabu kuliko mashekhe wao. Na miongoni mwa aliyoyafanya ni kumwita mwanamume mwenye misuli aliinue sanduku dogo, ambalo kwa sumaku ya umeme iliyofichwa chini ya jukwaa lilikataa kuinuka. Pale sanaa haikuwa tena baina ya rafiki na rafiki. Ilikuwa chombo cha dola mbele ya watu waliotawaliwa kwa bunduki. Scot aliwaonyesha watu hila ili wasiogope, na Robert-Houdin aliwaficha hila ili waogope, na mimi sina shaka ni yupi kati yao ningependa awe jirani yangu.

Huenda msomaji akauliza kama ni haki kuyaandika haya hadharani, ilhali wachezaji huapishana kutunza siri. Swali ni zuri, na jibu langu ni kwamba kanuni za mkono zimo vitabuni tangu zama za Scot. Wakili wa London aliyeandika kwa jina la Professor Hoffmann alizipanga upya mwaka 1876, na J. B. Bobo, Mmarekani, alizikusanya mwaka 1952 katika kitabu ambacho wanafunzi wa sarafu hawajakiacha mpaka leo. Isitoshe, kuijua siri hakumpunguzii mtu furaha, kama vile kuzijua mizani za ushairi kusivyompunguzia msikilizaji ladha ya shairi zuri. Ila iko faida nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Katika miji yetu wapo watu wanaodai kuzidisha fedha, wapo wachezesha karata tatu kandokando ya vituo vya basi, na wapo wanaojiita waganga ambao humfyonza mgonjwa ubavuni wakatema jiwe au mfupa na kudai malipo makubwa. Kijana aliyepata kuficha shilingi mashinani mwa vidole vyake kwa mwezi mmoja tu, akimwona mtu wa namna hiyo, hataangalia jiwe. Ataangalia mkono ulikuwa wapi kabla ya jiwe.

Mwisho ni habari ya sarafu yenyewe, kwa maana si kila sarafu yafaa. Wamarekani wanaipenda nusu dola, yenye upana wa milimita 30 na ushei, na wale wenye mikono mikubwa huipenda dola ya fedha ya zamani yenye milimita 38. Babu zetu wa pwani walikuwa na kubwa kuliko zote hizo, ile reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 na uzito wa gramu 28 hivi, ambayo ukingo wake una maandishi yaliyoinuka, nami nimeijaribu mara moja nikaona imenata kiganjani kana kwamba ilizaliwa humo. Kilicho muhimu ni upana wa kutosha kufika minofu yote miwili, na ukingo wenye meno ili ngozi ipate pa kushikia. Sarafu nyingi za siku hizi ni ndogo au laini. Mkenya anaweza kuanza na ile ya shilingi 20 yenye picha ya tembo, iliyotolewa mwaka 2018. Mimi natumia shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966, yenye mkono ulioshika mwenge, upana wake ni karibu milimita 28, na meno yake bado makali. Nayo ina upana sawa na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyoanza kutolewa mwaka 1921.

Shilingi hizi za zamani hazinunui kitu tena, na nyingi zimelala katika mikebe na visanduku vya mabibi na mababu. Nawasihi walio nazo wasiziuze kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Mtafuteni kijana mmoja wa nyumbani mwenye subira, mmpe moja, na mmwonyeshe mahali pa kuiweka. Moja humtosha kwa mwaka mzima, na nyingine hatazihitaji mpaka atakapofika kwenye Ndoto ya Bakhili.